Mchanga Utenganao Samaki

Mwanafunzi wa Ukata ashukaye Mbamba Bay hudhani kuwa Ziwa Nyasa ni moja na samaki wake ni wamoja. Kwa usipa, watembeao makundi makundi katika maji ya wazi, dhana hiyo yakaribia kweli. Kwa mbuna sivyo. Samaki hawa wadogo huishi miambani, wengi wao wakila mwani uotao juu ya mawe. Jike hulea mayai na vitoto kinywani, hivyo hakuna vitoto vichukuliwavyo na mkondo, kama ilivyo kwa samaki wengi wa baharini. Ghuba ya mchanga, isiyo na pa kujificha, huwa kwao jangwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa huko Nkhata Bay, Malawi, mbuna wa aina moja walitofautiana jeni ingawa miamba yao haikuachana hata kilometa mbili.

Basi kumhamisha mbuna kutoka mwamba hata mwamba, ijapokuwa kwa nia njema, si jambo dogo. Katika kisiwa cha Thumbi West, upande huo huo wa Malawi, mbuna walioletwa kutoka kwingine katika karne ya 20 walizaana na wenyeji wakazaa machotara. Kuhesabu aina peke yake hakutoshi: kati ya Lituhi na Mbamba Bay, kinachopasa kulindwa ni kila mwamba pamoja na samaki wake.