Mzuka Mwenye Madai

Toleo hili linahusu gemu za kutisha za Japani, na wapo watakaouliza jarida la fasihi linatafuta nini huko. Jibu langu ni Fatal Frame II: Crimson Butterfly, gemu ya PlayStation 2 iliyotolewa na Tecmo mwaka 2003 chini ya mwongozaji Makoto Shibata.

Mio na Mayu ni pacha. Wamekwenda kuliaga bonde walilochezea utotoni kabla bwawa halijalifunika, wakajikuta Minakami, kijiji kilichotoweka usiku wa kafara. Chini ya kijiji kuna shimo la kuzimu, na ili litulie sharti pacha mmoja amnyonge mwenzake kwa mikono yake. Mara ya mwisho, mmoja wa pacha, Yae, alitoroka, nduguye Sae akakamatwa na kutundikwa. Tambiko likaharibika, giza likawameza wote.

Ngano za kafara kama hii zipo Japani. Katika ngome ya Maruoka, mkoani Fukui, husimuliwa habari za Oshizu, mjane maskini mwenye jicho moja aliyekubali kuzikwa hai chini ya nguzo, kwa ahadi kwamba mwanawe atafanywa samurai. Ngome ikasimama, ahadi ikavunjwa. Tangu hapo, kila majira ya kuchipua, handaki la ngome likawa linafurika, na watu wakasema ni machozi ya Oshizu. Mzuka wa namna hii hakuzaliwa mwovu. Anadai haki yake, na wanaodaiwa ni jamaa, majirani, wazee wa mji.

Gemu imelishika jambo hili kuliko filamu nyingi nilizotazama, kwa sababu ya silaha yake: kamera kuukuu. Ukimpiga mzuka picha akiwa mbali, madhara yake ni madogo. Picha yenye nguvu ni ile ya dakika ya mwisho, anaponyoosha mkono akukamate. Kwa hiyo huna budi kusimama umtazame usoni. Mmoja wa mizuka hiyo ni Miyako, aliyemfuata mpenzi wake Masumi hadi kijijini, akauawa na Masumi huyo huyo, ambaye naye alikwishageuka mzuka. Unaokota kurasa alizoandika, unazisoma kwenye nyumba alimofia, kisha anakujia. Unamjua jina, unajua alichokuwa akitafuta, na bado unapaswa kumpiga.

Wanaolalamika kwamba gemu zinaua ngano waicheze hii kwanza, hadi mwisho. Katika mwisho wa kawaida Mio anamnyonga dada yake. Kwenye kiwango kigumu anaweza kumwokoa, lakini anachungulia shimoni na kupofuka. Tumebishana sana chumba cha habari kuhusu ukatili huo. Mimi nasimama na Shibata: Mayu angeokolewa bure, kifo cha Sae kingekuwa kikwazo tu cha kurukwa njiani, na kijiji kilichomuua kingeachiwa deni lake.