Waraka wa Wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu Maalum: Mzazi Apewe Haki ya Tathmini ya Pili

Kwa Mkurugenzi wa Elimu Maalum,
Wizara ya Elimu, Jogoo House,
Nairobi.

Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne katika shule ya umma Kawangware. Nina mwanafunzi wa miaka kumi anayelelewa na nyanya yake. Ukimsomea hadithi, atakusimulia yote kwa mpangilio, hata maneno waliyojibizana wahusika. Mpe kitabu asome mwenyewe, ataweka kidole chini ya neno, atamke herufi ya kwanza, kisha abahatishe mengine kwa kutazama picha. Huandika b mahali pa d. Akiketi nyuma ya darasa huniomba nirudie swali, na kuna majuma ambapo sikio lake la kushoto hutoa usaha.

Alipelekwa kutathminiwa. Nyanya alirudi na ukurasa mmoja ulioeleza kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa na ahamishiwe kitengo cha elimu maalum. Ukurasa huo haukutaja alipimwa kwa lugha gani, wala iwapo kuna mtu aliyechunguza masikio yake. Nyanya akaniuliza, "Mwalimu, kwani siwezi kumpeleka kwa mwingine amwangalie?"

Swali hilo ndilo ninaloleta mezani kwako, kwa sababu halina jibu la wazi katika utaratibu wetu. Nyanya huyu anauza mboga. Kila alfajiri akienda soko la Marikiti, matatu ya 46 humpitisha Hurlingham, karibu na ofisi za wanasaikolojia wa kibinafsi ambao wangeweza kumpima mjukuu wake, ila ada yao hawezi kuilipa. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iko Kasarani, upande wa pili wa jiji. Na hata akifika huko akapewa ripoti tofauti, hakuna aliyemweleza shule itafuata ipi.

Kenya haijaanza jana katika kazi hii. Vituo vya tathmini, EARC, vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na KISE ikafuata mwaka 1986. Sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza watambuliwe mapema na wasome pamoja na wenzao. Wapo maafisa wa tathmini ninaowaheshimu sana, wanaohudumia shule nyingi kwa vifaa vichache. Lakini hata mtaalamu hodari akimpima mtoto asubuhi moja, mtoto akiwa na woga au njaa, anaweza kukosea. Hospitalini mgonjwa akiambiwa anahitaji upasuaji, hakuna anayemshangaa akitafuta daktari wa pili.

Suala la lugha lisichukuliwe kuwa dogo. Mvulana huyu huongea Kiluhya na nyanya yake na Sheng na wenzake. Kiingereza hukisikia darasani tu. Akiulizwa kwa Kiingereza jinsi vitu viwili vinavyofanana, akanyamaza, kimya chake huandikwa sifuri. Huenda shida yake ni disleksia, huenda ni masikio, huenda ni yote mawili. Kazi ya tathmini ni kutenganisha mambo hayo, na maneno "mzito wa kuelewa" hayatenganishi chochote.

Nchini Marekani, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na ambayo sasa huitwa IDEA, inampa mzazi asiyekubaliana na tathmini ya shule haki ya kuomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Mamlaka ya elimu ikikataa kulipa, ni juu yake kwenda kwenye kikao cha kisheria na kuthibitisha kwamba tathmini yake ilitosha. Bajeti yao hatuna. Kanuni yao, kwamba mwenye kuthibitisha ni serikali na si mzazi, haihitaji bajeti kubwa ili iandikwe.

Msingi wake tunao tayari. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kwamba mtu ambaye haki yake inaweza kuathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Kumtoa mtoto darasani kwake ni uamuzi wa aina hiyo.

Naomba basi ofisi yako itoe waraka kwa shule na vituo vyote. Kila ripoti itaje lugha iliyotumika, vipimo vilivyofanywa na iwapo macho na masikio yalichunguzwa, na mzazi apewe nakala yake. Asiyeridhika apelekwe bila malipo kwa mtathmini mwingine, katika kituo kingine cha umma au KISE, na nauli isiwe kizuizi. Ripoti ya mtaalamu wa kibinafsi nayo ipokewe na ijadiliwe kikaoni mzazi akiwepo. Wakati hayo yakiendelea, mtoto abaki darasani kwake.

Nyanya anatakiwa kutia sahihi fomu ya uhamisho kabla ya muhula ujao. Naomba asiitie, na mzazi mwingine yeyote asilazimishwe kuitia, kabla mtoto hajapimwa tena na mtu asiye yule aliyempima kwanza. Nitashukuru kupata jibu lako kwa maandishi, nimsomee nyanya.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa gredi ya nne,
Kawangware.