Mzazi, siku ya bembea haipimwi kwa kiingilio

LIKIZO ikiwadia, mzazi hana raha. Mtoto amesikia kwa jirani kwamba kuna mahali penye bembea, farasi wa kuzunguka, gari moshi dogo na maji ya kuteleza, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Basi mzazi hudunduliza shilingi, huahirisha mambo mengine, na hatimaye siku hufika. Watu huamka alfajiri, mtoto huvishwa nguo za Krismasi, na safari ya bustani ya burudani huanza.

Mpenzi msomaji, mimi sipingi safari hizo. Mtoto anayecheza hukua vyema kimwili na kiakili. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, lilipendekeza kwamba mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Ninachopinga ni jinsi sisi wazazi tunavyoipanga siku hiyo. Tunaipanga kwa hesabu ya pesa tulizolipa langoni, wala si kwa kiasi ambacho mwili wa mtoto mdogo unaweza kustahimili.

Nasema haya kwa sababu nami nilikosa. Mwanangu alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu. Tulifika saa tatu asubuhi, nikamlipia ule utepe wa mkononi unaomruhusu mtoto kupanda kila kitu kutwa nzima. Kufikia saa sita alikuwa amepanda farasi mara nne, amekula vibanzi na kunywa soda nusu chupa. Saa saba akasinzia begani mwangu. Mke wangu akasema twende nyumbani. Nikamjibu, "Mama watoto, tumelipa hadi jioni." Nikamwamsha mtoto. Alipolia, nikamkaripia kwamba hana shukrani.

Saa tisa mwili wake ulikuwa moto, midomo imekauka, na akatapika tukiwa kwenye foleni ya gari moshi. Tulimkimbiza kwenye hema la huduma ya kwanza. Muuguzi aliyetupokea aliniuliza swali moja tu: "Baba, mtoto alikojoa mara ya mwisho saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Bei ya kila bembea niliijua kwa kichwa, lakini hilo sikulijua.

Muuguzi hakunigombeza. Alimlaza kivulini, akamvua sweta ambayo mimi mwenyewe nilisisitiza asiivue nikiogopa baridi, akampangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha akaanza kumpa maji ya ORS kijiko kimoja kimoja. Ilichukua zaidi ya saa moja kabla ya mtoto kukojoa, na mkojo wenyewe ulikuwa kidogo, wenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Tulirudi nyumbani salama. Hata hivyo, swali la muuguzi yule halijanitoka akilini hadi leo.

Yafaa tufahamu kwa nini mtoto mdogo huzidiwa upesi. Ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi kuliko mtu mzima, kwa hivyo joto la nje humwingia haraka. Isitoshe, hatoi jasho jingi la kumpoza kama mtu mzima. Zaidi ya hayo, mtoto anapokuwa katika furaha ya mchezo hasemi kwamba ana kiu. Atakimbia, ataruka, atacheka, kisha ghafla atalegea. Ni kazi ya mzazi kukumbuka maji kabla mtoto hajayaomba.

Wakazi wa Nairobi hudanganywa na hewa ya baridi. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na liko karibu na ikweta, kwa hivyo jua lake ni kali hata siku ambayo watu wamevaa makoti. Huko Mombasa nako kuna unyevu mwingi hewani, jasho halikauki upesi, na mwili hushindwa kujipoza vizuri. Popote ulipo, jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na hizo ndizo saa ambazo wengi wetu huwa tumepiga foleni na watoto pasipo kivuli. Kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu si mapambo. Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia, nguo hizo na krimu ya kukinga jua ni lazima.

Dalili za kupungukiwa na maji si siri. Mtoto hukojoa mara chache na mkojo huwa wa rangi nzito, mdomo hukauka, hulia bila machozi, macho hudidimia, naye huwa mnyonge au mkali bila sababu. Uonapo hayo, mpeleke kivulini na umpe maji au ORS kidogo kidogo, pakiti ikichanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Akiweweseka, akipatwa na degedege au akikosa kuamka sawasawa, usingoje. Mpoze kwa maji na kumpepea huku mkimkimbiza hospitalini, wala usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.

Tatizo la maji katika bustani za burudani halikuanzia kwetu. Walt Disney, Mmarekani aliyeanzisha bustani mashuhuri ya Disneyland, alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi akiwatazama binti zake wakipanda farasi wa kuzunguka. Bustani hiyo ilipofunguliwa mjini Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, joto lilikuwa kali mno. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, ikabidi kuchagua kati ya kumaliza vyoo na kumaliza mifereji ya maji ya kunywa. Vyoo vikachaguliwa. Pamoja na fahari yote ile, siku hiyo ilikumbukwa kwa kiu na kwa lami laini iliyonasa visigino vya viatu vya akina mama.

Wao walikuwa na kisingizio cha mgomo. Sisi kisingizio chetu ni kipi? Kuna mahali ambapo mlinzi langoni humnyang'anya mzazi chupa ya maji ili akanunue ndani kwa bei maradufu. Kukataza chakula kutoka nje naweza kuelewa, kwani ni biashara. Lakini maji ya mtoto wa miaka mitatu!

Tugeukie bembea zenyewe. Wazazi wengine wana muujiza wao. Langoni mtoto ana miaka miwili ili asilipe, lakini akifika kwenye bembea kubwa tayari ana miaka saba. Ndugu msomaji, kipimo cha urefu kilichosimamishwa pale hakikuwekwa kukuonea. Mkanda na chuma cha kuzuia vimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani, na mtoto mfupi anaweza kuchomoka. Akiambiwa hajafika, shukuru, umpeleke kwa farasi.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa kwa mapenzi tu. Mzazi humpakata mtoto mapajani wakateleza pamoja, akidhani ndivyo anavyomlinda. Kumbe mguu wa mtoto unaweza kunasa ukingoni, na uzito wa mtu mzima unaoendelea kushuka ukaupinda hadi mfupa wa muundi uvunjike. Mtoto akiteleza peke yake, mguu ukinasa, yeye husimama. Kama hawezi kuteleza peke yake, basi kitelezi hicho bado si chake. Vivyo hivyo kwenye lile kasri la kupuliziwa hewa. Watoto wadogo wasichanganywe na wakubwa, kwani mkubwa akimwangukia mdogo, mdogo ndiye huumia.

Kwenye kidimbwi cha kuogelea sina mzaha hata kidogo. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Huzama kimya, kwa muda mfupi ambao mzazi anasoma ujumbe katika simu. WHO inaeleza kwamba watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne wamo miongoni mwa wanaozama zaidi duniani. Maboya ya kupuliziwa ya mikononi ni vitu vya kuchezea na hayaokoi maisha. Mtoto mdogo akiwa majini, mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono, na ajue kwamba zamu ni yake. Penye watu wazima sita wasio na zamu, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Kuhusu chakula, nina neno moja. Njugu, bisi na pipi ngumu humkaba kwa urahisi mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa akila huku akikimbia au akibembea. Ale ameketi. Nyama na vibanzi vilivyokaa wazi tangu asubuhi mwache muuzaji ale mwenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kwa maana chuma cha bembea kimeshikwa na mamia kabla yake. Na kabla hamjaingia langoni, mpige mtoto picha kwa simu ili ujue alivyovaa, kisha uandike nambari yako kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwake. Mtoto mwenye hofu husahau hata jina la babake.

Sasa nifikie lililo zito zaidi, nalo ni usingizi. WHO inasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala kati ya saa 10 na 13 kwa siku, na hapo usingizi wa mchana umehesabiwa. Mtoto aliyeamshwa saa kumi alfajiri akasafirishwa kwa matatu mbili, kisha akanyimwa usingizi wa mchana, hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Kilio chake saa saba mchana si utundu. Hana njia nyingine ya kusema kwamba amechoka. Mtoto aliyechoka hujikwaa, hasikii akiitwa, na ndiye hupotea katika umati. Mzazi aliyechoka naye hupoteza macho na subira. Ajali nyingi tunazoziita bahati mbaya ni uchovu tu.

Najua atatokea mtu aseme kwamba haya ni maneno ya wenye magari. Yule wa Kayole au Dandora aliyeweka akiba mwaka mzima, je, aende nyumbani saa saba na tikiti ni ya kutwa? Swali hilo ni la haki. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia, kwa sababu gharama ya hospitali itamwumiza zaidi. Namshauri alipie bembea moja moja ikiwezekana, kwani mtoto mdogo hupenda kurudia mchezo uleule na hana haja ya ishirini. Afike mapema jua likiwa pole. Kama nyumbani ni mbali mno, mchana atandike leso chini ya mti, mtoto alale, na wakubwa wapumzike. Saa mbili za kulala chini ya mti si hasara. Huenda zikawa ndizo zitakazookoa siku.

Wenye bustani nao wana wajibu wao, na vilevile serikali za kaunti. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Mpangilio wake wa Nne, ilizipa kaunti kazi ya kusimamia burudani za umma, bustani za kaunti, fuo na vituo vya mapumziko. Basi leseni isitolewe mahali pasipo na maji safi ya kunywa bila malipo, kivuli kwenye foleni, kipimo cha urefu kwenye kila bembea, mwokoaji kwenye kila kidimbwi, chumba cha huduma ya kwanza na mahali panapojulikana pa kupeleka mtoto aliyepotea. Hayo si anasa. Kumlipisha mtu kiingilio na kumwacha mtoto wake akikauka ni wizi wa aina yake.

Lakini tusiwangoje. Likizo ijayo, kabla hujauliza bembea ni shilingi ngapi, uliza maji yako wapi na kivuli kiko wapi. Kila baada ya muda mfupi mpe mtoto maji, umpeleke msalani, na ujue alikwenda saa ngapi. Akianza kusugua macho, mbebe mwondoke, hata kama gari moshi bado halijapandwa. Gari moshi litakuwepo likizo nyingine. Wahenga walinena kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na mimi nilitaka kutwa nzima nikaishia hemani.