Wafu Wetu Hawakutoa Idhini

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, simu za jamaa zetu, kuanzia Muscat na Dubai hadi hapa Moseley, hujaa vipande vile vile vya filamu. Misururu ya watu ikionekana kutoka juu, maiti zilizotapakaa ardhini, watu wakikimbilia pwani. Chini yake huandikwa maneno ya uchungu, na sasa yameongezeka majina: huyu asema hapa ni shamba la babu yake, yule asema lile ndilo kaburi la ami zake. Kisha kila mwenye imani hutakiwa awapelekee watu 10. Mimi sipeleki, na vijana wameniuliza kwa nini. Naeleza.

Picha hizo zina asili. Zimekatwa kutoka filamu ya Kiitaliano iitwayo Africa Addio, iliyotengenezwa na Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi na kutolewa mwaka 1966. Wawili hao walikwisha kujipatia umaarufu kwa Mondo Cane ya mwaka 1962, filamu iliyokusanya vioja vya dunia ili kumshtua mtazamaji. Zanzibar waliipiga picha kutoka angani, mwezi ule ule wa Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi. Sikatai kwamba walichokirekodi kilitokea. Wanahistoria huzirejea picha zile kwa kuwa kumbukumbu nyingine ya kuonekana ya mauaji yale ni adimu mno.

Lakini isikilizeni filamu nzima, msitazame kipande cha dakika mbili kilichofutwa sauti na kutiwa kasida. Msimulizi wake hawalilii Waarabu wa Unguja. Anachotaka kuthibitisha ni kwamba Mwafrika akiachiwa nchi yake huirudisha kwenye ushenzi, na maiti za jamaa zetu amezifanya kielelezo cha dai hilo. Huko Italia Jacopetti alifunguliwa kesi kwa tuhuma kwamba mauaji aliyoyarekodi Congo yalipangwa yaifuate kamera. Akaachiwa huru, nami siirudii hukumu ya mahakama. Walioichukua Marekani waliikata wakaitoa mwaka 1970 kwa jina la Africa Blood and Guts, na jina hilo latosha kueleza walikuwa wakimuuzia nani. Basi kijana wetu anayedhani anawatetea wazee wake amekuwa tarishi wa Jacopetti, tena tarishi asiye na mshahara.

Hilo ni la kwanza. La pili linanihusu zaidi mimi niliyekaa masjala sehemu kubwa ya umri wangu. Masjala hakuna karatasi isiyo na mwanzo: imetoka kwa nani, imeingia siku gani, nani aliipokea. Kabla ya hapo walimu wetu wa chuoni walikwisha kutufundisha jambo hilo kwa jina la isnadi, na Surat al-Hujurat imetuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Sasa niambieni: kutoka urefu ule wa ndege, uso wa mtu hauonekani. Aliyeandika jina la babu yake chini ya picha amelipata wapi? Nani alimwambia, na huyo aliyemwambia alikuwa wapi siku ile?

Msidhani nauliza kwa ukarani tu. Shangazi yetu mmoja, aliyeachwa yatima na mwezi ule, alitumiwa kipande hicho na mjukuu wa nduguye, kikiwa na jina la baba yake kwa herufi nyekundu. Mwanamke wa zaidi ya miaka 70 alishinda siku nzima na simu mkononi, akiuliza ni yupi kati ya wale walio chini. Aliyeliandika jina hilo alipoulizwa alisema aliona inaelekea kuwa ni yeye.

Inaelekea!

Tena kuna sitara. Mwosha maiti kwetu humfunika maiti hata anapomwosha, na akiona cha aibu mwilini mwake hakisimulii nje. Wale wa Januari wengi wao hawakuoshwa wala hawakukafiniwa. Miaka zaidi ya 60 imepita, nasi, watu wa damu yao, twawafunua upya kila mwaka mbele ya wageni, katikati ya matangazo ya viatu na video za mapishi. Yule Mtaliano angeweza kusema hakuwajua. Sisi tutasema nini?

Tunaoishi upande huu wa Birmingham ndio hasa tusiohitaji kufundishwa haya. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kamera 218 zilikuwa zikiwekwa Washwood Heath na hapo jirani Sparkbrook, mitaa ya Waislamu wengi, na 72 kati yake zilikuwa za kufichwa. Wakazi walielezwa kuwa ni za kuzuia uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zake zimetoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi. Watu walikasirika, kamera zikavishwa mifuko. Ripoti ya Sara Thornton, mkuu wa polisi wa Thames Valley, ikawalaumu wenziwe. Mkuu wa polisi wa West Midlands akaomba radhi, na mwaka 2011 kamera zikaondolewa. Malalamiko ya watu yalikuwa mawili tu: hatukuulizwa, na tulichoambiwa hakikuwa kweli. Mambo hayo mawili ndiyo ninayoyasema juu ya vipande vya Januari. Haki tuliyoidai kwa polisi haiwezi kuwa ndogo tunapodaiwa na wafu wetu.

Najua jibu la mpwa wangu mmoja, maana ameniandikia mara tatu: tusipoonyesha, watakanusha. Hofu yake ni ya haki; wako wanaokanusha mpaka leo. Hata hesabu ya waliouawa haikuafikiwa, makadirio huanzia mamia hadi 20,000. Lakini anayekanusha hunufaika zaidi anapokuta picha ya kweli imetiwa jina la uongo, kwani akilithibitisha la uongo moja atayatupa na ya kweli yote pamoja nalo. Na hesabu ile haitapatikana kwa kuitazama filamu mara mia. Itapatikana kwa majina, nyumba kwa nyumba, kutoka vinywani mwa walio hai, nao wanapungua.

Wala asitokee mtu akalifanya neno sitara kuwa kifuniko cha asichokipenda. Tunao wazee wanaotaka mwaka 1964 usimuliwe usiku na mchana, lakini ukiwauliza mama wa babu alikuwa nani, yule aliyeletwa kutoka bara na kununuliwa, hukwambia hayo ni ya ndani. Bibi huyo naye ni maiti wetu. Shajara tuliyoibandika ukumbini, yenye wanaume hadi Oman vizazi kumi, haina jina lake. Kumtaja kwa heshima si kumvua nguo. Kumfuta ndiko kumdhulumu mara ya pili.

Ombi langu kwenu basi ni hili. Mwenye jina la jamaa aliyefariki katika siku zile aniletee jina hilo, mahali, na jina la aliyeona kwa macho yake au aliyesikia kwa aliyeona. Picha sizihitaji. Nimefungua daftari, na kila ingizo lina tarehe na mleta habari. Hakuna litakalowekwa hapa kabla watoto wa marehemu, au walio karibu naye baada yao, hawajaulizwa wakaridhia. Yasiyo na shahidi sitayatupa. Yana kurasa zake za nyuma, nayo nayaandika kwa penseli.