Fuata chesisi, usifuate bodi

Mwandishi, katika makala yako Showboat, gari la mbio za drag la Tommy Ivo, umeiacha mapema mno. Umeishia 1961, wakati hapo ndipo mkasa unapoanza. Gari lile lilikuwa na injini 4 za Buick V8, yaani silinda 32, jozi moja ikizungusha magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Lilipochomoka, matairi yote manne yalifuka moshi kwa pamoja. NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, ililiruhusu kwa maonyesho tu, si kushindana. Ivo naye alikuwa mwigizaji wa televisheni, na mkataba ukamkataza kuliendesha, kwa hiyo Ron Pellegrini ndiye aliyezunguka nalo viwanjani.

Baadaye likafika kwa Tom McCourry, akalivisha bodi ya Buick ya aina ya steshenwagoni na kuliita Wagonmaster. Anayetafuta Showboat kwa umbo atapita mbele ya Wagonmaster asiitambue! Kwa maoni yangu bodi hiyo haikuliharibu. Bila jina jipya la kuvutia watazamaji, pengine zile injini zingeng'olewa na kuuzwa moja moja, kama ilivyotokea kwa magari mengi ya mashindano yaliyopitwa na wakati.

Tafadhali tuandikie sehemu ya pili, na safari hii utuwekee picha za karibu za chesisi: maungio ya kuchomelea, vishikio vya injini, matundu ya zamani yaliyozibwa. Bodi hubadilishwa kwa siku chache, lakini mabomba ya chesisi yana alama za mikono ya waliolijenga.