GEGO LA MTOTO WA SHULE

Nchini Uganda elimu ya msingi huanza mtoto atimizapo miaka 6. Hata hivyo wazazi wengi, hasa wa mijini, huwapeleka watoto wao shule za awali wangali na miaka 3. Kumwahisha mtoto shuleni si jambo baya, lakini huzidisha wajibu wa wazazi, kwani kwa saa nyingi za mchana mtoto hula mbali na macho ya mamaye. Meno ni miongoni mwa viungo vinavyodhurika upesi kwa sababu hiyo.

Mtoto wa miaka 3 aghalabu amekwisha kuota meno yote 20 ya utotoni. Wako wanaoyadharau kwa kuwa yatang'oka. Ilhali ndiyo yanayotafuna chakula chake, yanayomsaidia kutamka maneno, na kuyahifadhia nafasi meno ya ukubwani. Mtoto aumwaye na jino hukataa kula, hukosa usingizi, na darasani hamsikilizi mwalimu.

Kisha, karibu na miaka 6, wakati uleule wa kuingia darasa la kwanza, huota magego manne ya kwanza ya ukubwani, mawili juu na mawili chini. Huota nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala hayang'oi jino lolote. Kwa hiyo wazazi wengi hawatambui kuwa yameota, au huyadhania kuwa ya utotoni. Gego hilo likioza na kung'olewa, halioti jingine.

Adui mkubwa ni sukari. Bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi, nayo asidi hula jino kidogo kidogo. Kinachodhuru si wingi wa sukari tu, bali pia idadi ya mara iliwayo. Mtoto anyonyaye pipi na kunywa juisi tangu asubuhi hadi jioni huyapa meno yake taabu kubwa kuliko yule alaye kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula.

Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 imeweka chakula cha mwanafunzi katika wajibu wa wazazi. Basi mtoto asiondoke nyumbani na njaa, wala asipewe senti za pipi badala ya chakula. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa, wenye sukari kidogo sana, humshibisha. Katika mkebe wake yafaa kutiwa kiazi kitamu kilichochemshwa, yai, tunda, na maji safi ya kunywa badala ya soda. Jioni apewe matoke pamoja na maharage, dagaa au mchuzi wa karanga, na mboga za majani.

Meno yasuguliwe mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 hutosheka na dawa kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kuitema. Mikono yake bado haijawa stadi. Kwa hiyo baba au mama amsaidie mpaka afikapo miaka 7 au 8, na asisahau kulifikia lile gego la nyuma.

Doa jeusi au kishimo kikionekana, mtoto apelekwe kwa mganga wa meno kabla ya maumivu kuanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.