Mathayo 24 si kalenda ya mwisho wa dunia

Kila vita vinapozuka, hakosekani wa kufungua Mathayo 24 na kutangaza kwamba unabii umetimia. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, maneno yakawa yale yale: ni dalili za mwisho, imeandikwa. Watu huitikia amina, na habari ya waliokimbia inaishia hapo. Imani hii ni potofu, na sura yenyewe inaikanusha.

Katika mstari wa 6 Yesu anataja vita na tetesi za vita, kisha anawatuliza wanafunzi wake kwamba mwisho haujafika. Anayefanya kila vita kuwa tarumbeta ya mwisho anahubiri kinyume na Bwana wake.

Kuanzia mstari wa 15 anafundisha namna ya kuokoa maisha. Walio Uyahudi wakimbilie milimani. Aliye juu ya dari asiingie ndani kuchukua vitu. Aliye shambani asirudie vazi lake. Kwa maskini wa wakati ule, vazi hilo ndilo lililokuwa shuka la usiku. Sheria ya Kutoka 22 ilimtaka aliyelichukua rehani alirudishe kabla ya jua kuzama. Kuliacha ni kukubali kulala na baridi mradi uishi. Ndiyo maana anawahimiza waombe wasikimbie majira ya baridi, ambayo huko ndiyo majira ya mvua na makorongo hufurika.

Katikati ya maagizo hayo anawalilia wajawazito na wanaonyonyesha kwa neno “ole”. Wapo wanaohubiri kwamba amewalaani. Kwa kosa gani? Mwenye mimba ya miezi minane atapandaje mlima mbio? Yesu anamtaja kwa sababu anajua vita humwelemea nani kwanza.

Mwaka 70 Warumi chini ya Tito waliuzingira Yerusalemu hadi wakauteketeza, na mwanahistoria Myahudi Josefo ameeleza njaa iliyowamaliza watu ndani ya kuta. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa mji huo walikuwa wamekwisha kuhamia Pela, ng'ambo ya Yordani. Kwa simulizi hiyo, wao waliyapokea maonyo kama maagizo ya kufuata.

Nitajibiwa kwamba sura hiyo inataja pia kurudi kwa Mwana wa Adamu. Ni kweli, lakini mstari wa 36 unasema siku hiyo hakuna aijuaye. Tena hotuba hiyo hiyo ya Mlima wa Mizeituni inaendelea hadi sura ya 25, inakohitimishwa kwa hukumu juu ya waliomlisha mwenye njaa na kumkaribisha mgeni, na wale waliokataa.

Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imepokea Wakongo wanaokimbia vita tangu 1996. Mchungaji, ukiisoma Mathayo 24 Jumapili hii, endelea hadi mwisho wa sura ya 25, kisha pitisha kapu la sadaka kwa ajili yao.